Kabla ya kidonge cha asubuhi, tuangalie kile cha usiku

Swali: Shikamoo daktari. Naishi Nkuhungu, hapa Dodoma. Nina watoto watatu. Wa kati ni wa kiume, ana miaka minane, yuko darasa la pili kwa mara ya pili. Hatulii hata dakika mbili, kila wiki anapoteza daftari, anajibu kabla swali halijaisha, na mwalimu wake anasema kuna wakati anaduwaa, akiitwa hasikii. Mwezi uliopita tulikwenda Dar kwa dada yangu, daktari wa huko akasema ana ADHD, yaani ile hali ya kutotulia na kukosa umakini, na akamwandikia methilifenideti. Nilipofika nyumbani nikasoma karatasi ya ndani ya boksi, nikakuta wametaja degedege. Na huyu mtoto alipokuwa na miaka miwili, tukiwa Geita, alishikwa na degedege kali, akalazwa, siku mbili hakuamka. Baadaye ilimrudia mara mbili akiwa na homa. Bibi yake yuko Mvumi, amesema nikimpa hizo dawa namrudishia dege kwa mkono wangu mwenyewe. Boksi liko juu ya kabati wiki ya tatu sasa, sijampa hata kimoja. Nimpe au nisimpe? Na mwezi wa sita anataka kwenda kwa bibi likizo, nimruhusu? Halafu nilitaka kusahau: bado anakunywa fenobabitoni, ile dawa ya degedege, usiku, tangu kule Geita.

Jibu: Marahaba dada. Usimpe kwanza, wala usilitupe hilo boksi. Lakini sababu yangu si ile ya kwenye karatasi.

Katika barua yako yote, sentensi iliyonifanya niweke chai mezani ni hiyo ya mwisho, uliyotaka kuisahau. Mtoto anakunywa fenobabitoni kila usiku kwa miaka sita. Sijui kama daktari wa Dar aliambiwa. Nina wasiwasi hakuambiwa, na sikulaumu, kwa sababu dawa ikishakaa ndani ya nyumba miaka sita mtu haioni tena kama dawa. Inakuwa kama chumvi. Ukiulizwa "mtoto anatumia dawa gani?" unajibu "hatumii", kwa moyo mweupe kabisa.

Sasa nikwambie kuhusu hicho kidonge kidogo cheupe. Fenobabitoni ni dawa ya siku nyingi, ya bei nafuu, na imeokoa watu wengi wenye kifafa katika nchi hii, hasa vijijini ambako hakuna nyingine. Siitukani. Ila ina tabia moja inayowashangaza wazazi. Mtu mzima akiinywa husinzia. Mtoto mara nyingi hufanya kinyume: hatulii, anapanda juu ya vitu, ana hasira za ghafla, usingizi wake unakatika-katika, na alichofundishwa asubuhi jioni hakipo. Ukiziandika dalili hizo kwenye karatasi bila kutaja dawa, ukampa mwalimu au daktari aliye haraka, atakwambia hiyo ni ADHD. Nami ningesema hivyohivyo.

Niliwahi kusema hivyo. Nikiwa kijana, natumwa wilayani, nilikuwa na binti mmoja wa miaka saba kwenye kliniki yangu. Dege lake lilikuwa limekoma mwaka mzima na mimi nilijivunia hilo. Mama yake kila akija analalamika kwamba mtoto amekuwa "kama ana wadudu mwilini", shule haendi mbele. Nikamwambia amsimamie zaidi, apunguze kumdekeza. Aliyenifumbua macho ni nesi mzee wa pale zahanati, aliyenivuta pembeni akaniuliza, "Dokta, hii si ile fenobabi yako?" Tulibadilisha dawa taratibu. Miezi miwili baadaye yule binti alikaa kwenye kiti changu akanichorea mbuzi, akamaliza miguu yote minne. Mama alikuwa anadekeza kweli, sikatai. Lakini kosa lilikuwa langu.

Jambo hili halitokani na uzoefu wangu peke yangu. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia watoto wadogo 217 waliopata degedege la homa. Wengine walipewa fenobabitoni, wengine kidonge kisicho na dawa ndani. Baada ya miaka miwili, waliopewa dawa walikuwa nyuma kwa wastani wa pointi 8 hivi kwenye vipimo vya akili, na degedege haikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana leo degedege la kawaida la homa halipewi dawa ya kunywa kila siku. Huja kati ya miezi sita na miaka mitano, halizidi robo saa, mtoto anazinduka na kutambua mama yake, na akikua linaisha lenyewe.

Hapa nakuomba usome polepole. USIIKATE FENOBABITONI LEO. Wala kesho. Wala usianze kumpa nusu kwa kuikata na wembe mezani jikoni kwa sababu umesoma hapa kwamba ina madhara. Ubongo uliozoea dawa hii miaka sita ukinyang'anywa ghafla unaweza kuingia kwenye degedege lisilokata, na hilo linaua. Inapunguzwa kwa wiki nyingi, mara nyingine miezi, na daktari akiwa anajua.

Tena sina uhakika kama ya mwanao yalikuwa "degedege la kawaida". Mtoto wa miaka miwili, Geita, homa, degedege, siku mbili hakuamka: mimi nikisikia hivyo nafikiria malaria iliyopanda kichwani, ingawa homa ya uti wa mgongo pia inaweza kufanya hivyo. Sisi wa Dodoma malaria kwetu ni kidogo ukilinganisha na mikoa ya Ziwa, kwa hiyo tunasahau inavyoweza kumkalisha mtoto chini. Kule Blantyre, Malawi, walifuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, na matokeo yalitoka mwaka 2010. Kati ya watoto 132 waliopona, 12 walipata kifafa baadaye. Kati ya watoto 264 waliolazwa kwa magonjwa mengine, hakuna aliyepata. Na kundi lile la malaria lilikuwa pia na watoto wengi zaidi waliobadilika tabia: hawatulii, hawasikii, wanapigana.

Unaona ninapokupeleka. Jeraha moja kwenye ubongo linaweza kuzaa vitu viwili, degedege na kutotulia, kama mti mmoja wenye matawi mawili. Hili ni kweli hata kwa watoto ambao hawakuwahi kuugua malaria: kwa watoto wa kawaida ADHD huwapata kama watano katika mia, lakini kwa wenye kifafa huwa kama robo hadi theluthi yao. Kwa hiyo mtoto mwenye ADHD akipata dege, tusikimbilie kusema dawa ndiyo iliyoleta. Huenda lilikuwa njiani.

Sasa kuduwaa.

Mwalimu wako amefanya kazi kubwa kuliko anavyojua, hasa kama darasa lake ni kama ninayoyaona mimi, watoto themanini na zaidi. Kuna kifafa ambacho mtoto haanguki, hatoi povu, hatikisiki. Anazima kidogo tu, sekunde tano, kumi, kumi na tano, halafu anaendelea alipoishia kama taa ya stoo yenye waya uliolegea. Kwa siku inaweza kutokea mara nyingi. Fikiria mtoto anayekosa sekunde kumi kati ya kila dakika chache za somo la hesabu. Ataitwa mzembe, atachapwa, atarudia darasa.

Kliniki nina kipimo kisicho na gharama. Nakata ukanda wa karatasi mwembamba, upana wa vidole viwili, naushika mbele ya uso wa mtoto kama shubiri moja. Namwambia, "Puliza, karatasi isitulie." Anapuliza, mimi nahesabu, dakika tatu. Watoto wengi wanachoka, wanacheka, wananitemea mate kidogo, basi. Lakini mwenye kifafa cha kuduwaa, kama hajaanza dawa inayomfaa, mara nyingi hafiki dakika ya tatu. Karatasi inalala. Mdomo umebaki wazi nusu, kope zinacheza haraka-haraka, macho yanaangalia nyuma yangu. Nikimtajia neno, mathalani "embe", hatalikumbuka. Kisha anarudi, anapuliza tena, na ukimuuliza kwa nini uliacha anashangaa: "Sijaacha." Nimeona mama akilia pale pale kwa sababu amekumbuka alivyokuwa akimzaba kofi kwa "kumdharau".

Usimfanyie nyumbani, tafadhali, maana kinachofanyika pale ni kuliita dege lije. Nyumbani fanya hivi: akiduwaa, mguse bega au mchezee mkono kwa upole. Mtoto aliyezama kwenye mawazo yake atashtuka, atakuangalia. Aliyezima hatazinduka kwa kuguswa, atazinduka muda wake ukifika. Mrekodi kwa simu. Sekunde ishirini za video zinanisaidia kuliko maelezo ya saa nzima, na kama umejaza simu picha za harusi, futa chache.

Kwa mtoto mwenye ADHD tu, asiye na historia hii, huwa sitaki kipimo cha EEG, kile cha kupima umeme wa ubongo. Ni kumsumbua mtoto na mfuko wa mzazi. Kwa wako nakitaka, kwa sababu ya Geita na kwa sababu ya kuduwaa. Kikionyesha kifafa cha kuduwaa, tutachagua dawa inayokitibu, kwa mvulana mara nyingi ni valiproeti. Hapo kuna mtego: kabamazepini, ambayo watu wengi wanaijua na inapatikana, huweza kukizidisha kifafa cha aina hii. Kwa hiyo mtu asikubadilishie fenobabitoni kwa kabamazepini dirishani kwa kukuonea huruma.

Turudi kwenye boksi la juu ya kabati.

Methilifenideti si dawa ya juzi. Iligunduliwa mwaka 1944 na mkemia wa Uswisi, Leandro Panizzon, na jina la biashara la Ritalin alilitoa kwa mke wake aliyeitwa Rita. Ndani ya ubongo inaongeza dopamini na ndugu yake noradrenalini mahali panaposimamia subira na umakini. Watu hushangaa mtoto asiyetulia kupewa dawa ya kuchangamsha. Kinachochangamshwa ni breki.

Kwa miaka mingi karatasi zake zimeandikwa kwamba inaweza kushusha kinga ya ubongo dhidi ya degedege. Chukulia kila ubongo una tuta, kama tuta la bwawa. Kwa wengine ni refu, kwa wengine ni fupi. Homa inalipunguza, kukesha kunalipunguza, dawa iliyorukwa inalibomoa. Karatasi inasema methilifenideti nayo hulichimba kidogo, hasa kwa mtoto aliyewahi kupata degedege. Onyo hilo lilianza zamani, kwa tahadhari, kabla watu hawajahesabu wagonjwa wengi. Walipohesabu, picha ikawa nyingine.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitazama kumbukumbu za watu zaidi ya laki nane wenye ADHD. Wenye ADHD walikuwa na degedege zaidi kuliko wasio nayo, hilo tumeshalisema. Lakini walipomlinganisha mtu na nafsi yake, miezi anayokunywa dawa na miezi asiyokunywa, degedege haikuongezeka kwenye miezi ya dawa. Ilikuwa pungufu, hata kwa waliowahi kupata dege. Mimi sisemi kwamba dawa ya ADHD inatibu kifafa, na wewe usiseme. Nasema tu kwamba lile tuta halikuonekana kuchimbwa.

Halafu kuna utafiti wa Hong Kong, 2020, nao ndio ninaoukumbuka kila nikiandika dawa hii. Watoto na vijana zaidi ya 29,000 waliowahi kupewa methilifenideti, waliopata dege walikuwa 269. Walipoangalia lilitokea lini, wakakuta siku 30 za mwanzo hatari ilikuwa juu, kama mara nne ya kawaida, kisha ikashuka ikawa sawa na kawaida. Inawezekana ni dawa, inawezekana ni kwamba mtoto hupelekwa kwa daktari wakati hali yake imechafuka. Vyovyote iwavyo, mwezi wa kwanza ndio wa kuwa macho, na ndiyo sababu sitaki mtoto wako auanze mwezi huo akiwa hajapimwa, kidonge chake cha usiku hakijajadiliwa, na yuko mbali na mtu wa kumpigia simu. Tena dawa hizi mbili zinaingiliana: methilifenideti inaweza kufanya fenobabitoni ikae mwilini muda mrefu zaidi. Ungempa kimyakimya, angeweza kuanza kupepesuka kwa fenobabitoni iliyozidi, na wewe ungesema ni ile mpya.

Nisikufiche kwamba wataalamu wenyewe hawajakubaliana kila kitu. Shirika la Afya Duniani liliombwa kuiingiza methilifenideti kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na tena 2021, kamati ikakataa mara zote mbili, ikitaka ushahidi bora zaidi wa faida na madhara yake. Mimi naiandika, kwa mtoto aliyepimwa vizuri, mwenye miaka sita na zaidi. Nimeona inavyomrudisha mtoto kwenye daftari lake. Ila iko chini ya udhibiti wa kimataifa, haiuzwi kama panadoli, na mtu akikwambia anakuletea ya bei nafuu kupitia kundi la simu, mwache nayo.

Kinachonitisha mimi zaidi ni dawa watoto wetu wanazopewa pale methilifenideti isipopatikana, au pale mzazi alipoiogopa. Mtoto hatulii, anapewa kloripromazini, ile Largactil, "imtulize". Au amitriptilini. Hizi zote mbili zinajulikana kwa kushusha tuta, na amitriptilini mtoto akiila kwa wingi kwa bahati mbaya inasimamisha moyo. Jirani anampa tramadoli kwa maumivu ya jino. Hiyo huleta degedege na mtoto chini ya miaka 12 haimfai kabisa. Na wapo akina mama, nawajua na ninawapenda, wanaompa mtoto Piriton usiku ili nyumba ilale. Dawa za mzio zinazoleta usingizi nazo zimehusishwa na degedege kwa watoto wenye tuta fupi. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyesoma karatasi ya boksi la Piriton. Umeiogopa methilifenideti kwa sababu ndiyo peke yake iliyokuja na karatasi ukaisoma.

Basi tufanye hivi. Mrudishe mtoto kwa daktari, hapa hapa Dodoma. Si lazima Dar. Anza hospitali ya rufaa ya mkoa au kliniki ya watoto wanakoweza kukupa rufaa, na wakikuelekeza Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, usigune. Najua mjini hapa jina hilo limekuwa tusi, watu wanaambiana "we wa Mirembe". Lakini nchi hii kifafa kwa kiasi kikubwa kinatibiwa na watu wa afya ya akili, na wanazijua dawa hizi kuliko wengi wetu. Nenda na boksi, nenda na kikopo cha fenobabitoni, nenda na kadi yake ya kliniki ya utotoni kama bado ipo.

Na ikiwezekana nenda na bibi. Sijasema kwa utani. Wewe ulikuwa unalia, yeye alikuwa anaangalia. Kama alikuwepo moja ya zile mara mbili zilizofuata, ndiye anayeweza kueleza kama dege lilianza mwili mzima au mkono mmoja, lilichukua muda gani, kama homa ilitangulia au ilifuata. Muulize kwa heshima, kama shahidi, msikilize mpaka mwisho. Anachokiogopa ni cha kweli, amekiona kwa macho. Akishasikia mwenyewe daktari akisema "tunaanza na kuangalia degedege kwanza", nadhani hatakuwa mpinzani wako tena.

Fenobabitoni ikishabadilishwa au kuondolewa, tunasubiri. Wiki sita, nane. Wakati huo apimwe macho na masikio, aangaliwe damu, alale mapema, na mwalimu amkalishe mbele, ampe kazi fupi-fupi, amtume kufuta ubao akianza kuchemka. Viboko havisaidii hapa. ADHD ya kweli ilianza zamani, inaonekana shuleni na nyumbani na kanisani au madrasa, na haiondoki kwa kubadilisha dawa ya usiku. Kama ndiyo, itakuwepo bado, inatusubiri.

Ikibaki, hapo nitalifungua boksi bila hofu kubwa, hata kama EEG yake si safi, mradi dege limedhibitiwa. Huanza na miligramu 5 asubuhi, inapandishwa kidogo-kidogo kila wiki, daktari akipima uzito, mapigo ya moyo na presha. Inafanya kazi saa tatu nne hivi. Inakata hamu ya kula mchana, kwa hiyo ale kwanza, ashibe uji au kiporo, ndipo ameze. Usimpe jioni, atakesha, na kukesha ni rafiki mkubwa wa degedege. Dawa ya kifafa, kama atabaki nayo, isirukwe hata siku moja. Watoto wengi ninaowaona wamerudiwa na dege, ukifuatilia unakuta kikopo kiliisha Ijumaa.

Likitokea dege, kwa dawa au bila dawa: mlaze ubavu, toa vitu vya karibu, angalia saa. Usitie kijiko mdomoni, usimmwagie maji, usimshike kwa nguvu. Povu haliambukizi. Likipita dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, ni hospitali kwa usafiri wowote uliopo, na sindano ya hospitali haimuui mtoto mwenye degedege, hata kama umesikia hivyo tangu utotoni.

Kuhusu mwezi wa sita: mruhusu aende Mvumi, kama matibabu hayako katikati ya kubadilishwa. Ikiwa wiki zile ndizo za kupunguza fenobabitoni, aahirishe mpaka Desemba. Akienda, mhesabie bibi vidonge vya siku zote, weka na vya siku tatu za ziada maana mabasi ni mabasi. Asitumwe kisimani peke yake, asipande miembe, na usiku wakikaa jikoni yeye akae upande wa mlango, mbali na mafiga.